Nilivyokwenda Embu Kumwona Mrukaji wa Wambui

Niliondoka Wamagana kwa sababu moja tu: mwanangu Kariuki alikataa kuzungumza na mtu asiye na watu. Nawaandikia nyinyi wa kikundi chetu cha kanisa kwa kuwa kila mmoja ameniuliza, na kila mmoja ameshaambiwa jambo tofauti na mtu ambaye hata hakuwa huko. Mimi shule niliona madarasa mawili, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa.

Mambo yalianza hivi. Wambui, binti ya Kariuki, anafundisha shule ya msingi kule Kiganjo. Huko akajuana na polisi mgeni aliyeletwa kusomea kazi chuoni, mtu wa Lesotho, jina lake Mokete. Ati kwao ndiye bingwa wa kuruka mbali, na miaka mitano hakuna aliyemshinda. Kariuki kusikia hivyo akaweka kikombe chini. Akasema ruracio ni watu kukaa na watu. Wazee wa upande ule wanakuja, wa upande huu wanawangoja, mahari inazungumzwa. Huyu wa kuruka atakuja na nani, na viatu vyake? Wambui alilia siku tatu. Mwishowe Kariuki akaniambia, "Mama, nenda wewe ukamwone. Ukisema aje, nitamfungulia lango. Ukisema hapana, nisisikie jina hilo tena hapa."

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la maziwa mpaka Nyeri mjini. Baridi ilikuwa ile ya Julai inayoingia kwenye meno. Mjini nikanunua mkate na majani ya chai, kwa sababu siendi kwa mtu mikono mitupu hata kama naenda kumkataa. Kutoka hapo nikapata gari la mwalimu mmoja anayefundisha na Wambui, akanishusha Kiganjo mlangoni kwa Wambui.

Kiganjo, saa sita hivi, Mokete akaja. Nilimtazama kuanzia chini kwenda juu, maana ni miguu iliyokuwa inasifiwa. Ilikuwa myembamba na mirefu, na kisigino cha kulia kimefungwa bendeji. Alivua kofia akanisalimia kwa Kikuyu alichofundishwa na Wambui, kimepinda mpaka nikakohoa nisicheke. Kiswahili chake kilikuwa cha mwaka mmoja lakini kilisimama vizuri.

Nilikuwa na maswali yangu na sikuyaficha. Nikamwuliza unakimbia mbio zote hizo, unaruka, halafu unapata nini ukifika chini?

"Mchanga, cucu," akasema, akiniita bibi kama Wambui anavyoniita.

Wambui akaniangalia kwa woga. Mimi nikaongeza chai. Mtu anayejibu kweli nampa kikombe cha pili, lakini si zaidi ya hapo.

Ijumaa tulikwenda Embu, ambako Mokete angeruka kwenye mashindano kesho yake, nami nilitaka kumwona akiruka. Wenzake walitangulia na lori la chuo, lakini mwalimu wao wa michezo alimruhusu kuja nasi kwa treni, kwa sababu lori lingemtikisa kile kisigino. Treni ilitoka Kiganjo polepole, ikapita Karatina, wanawake wakituuzia ndizi dirishani. Nilimwuliza alianzaje mambo haya, na mpaka Sagana alikuwa bado anasimulia.

Kwao ni milima mitupu, akasema, baridi kuliko Nyeri, na watu hujifunga blanketi mchana kweupe. Alikuwa akichunga kondoo, na mvua imekata ardhi ikaacha makorongo kila mahali. Kondoo wakivuka kwa chini, yeye aliona uvivu kuzunguka, akaruka. Alipoandikwa polisi, mkubwa wake alimwona akiruka mtaro na bunduki mgongoni, akampeleka uwanjani. Mwaka huohuo akawashinda wote. Wakampeleka nchi za watu kwenye michezo mikubwa, watu wanne tu wakitembea nyuma ya bendera, na mmoja wa hao wanne ni yule aliyeibeba. Hakuna mwalimu, hakuna wa kumkanda miguu. Mwalimu wa nchi nyingine ndiye aliyemhurumia akamwambia, kijana, viatu hivyo ni vya kukimbia, si vya kuruka.

Nikamwuliza alishinda nini huko. Akasema hakushinda kitu. Aliruka mara tatu, akabeba begi lake, akarudi nyumbani, na nyumbani walimpokea kama mtu aliyeshinda kwa sababu hawakujua.

Hapo ndipo aliponiambia habari ya barua aliyoletewa kutoka kwao. Nchi yake ingepeleka watu wawili tu kwenye michezo ijayo, na kama anataka kuwa mmoja wao lazima aruke kipimo walichomwandikia kabla mwezi haujaisha. Embu ndiyo mashindano ya mwisho atakayopata. Kisigino kinazeeka haraka kuliko yeye, akasema. Asiporuka kesho, basi.

Sagana tulishuka tukapanda basi la Embu, tukaona mashamba ya mpunga kwa mbali, maji yamesimama kama sahani. Embu tulilala kwa Mama Ireri, ambaye binti yake anafundisha pamoja na Wambui. Ni mwanamke mnene wa maneno mengi. Alituandalia nyenyi, ule mseto wa kwao wa mahindi na mboga, akaniuliza kama ni kweli nimetoka Wamagana mbali hivyo kuja kukagua mwanamume kama fahali sokoni. Nikasema ni kweli. Akasema, "Nyinyi watu wa Nyeri mtapima hata moshi." Tulicheka, na kesho yake sikucheka.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa polisi, wanafunzi na wauza miwa. Shimo la mchanga lilikuwa upande wa miti, mbele yake njia ya kukimbilia, na kati yao ubao mweupe. Anayekanyaga kupita ubao anainuliwa bendera nyekundu na mruko wake haupo. Mokete alikuja mapema na mkanda wa kupimia, akachomeka kijiti kando ya mchanga. Akanionyesha, hapo ndipo barua inapotaka. Kila mtu angeruka mara tatu.

Mara ya kwanza alipita ubao, bendera nyekundu. Mara ya pili alitua nyuma ya kijiti hatua nzima, akainuka akichechemea. Wambui alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Mara ya tatu alisimama muda mrefu mwisho wa njia. Halafu akaja. Mimi nimeona swala, nimeona farasi wa wazungu wakiruka ua, lakini sijaona kitu kama hicho. Alikaa hewani kama mtu anayefikiria. Miguu ikatua mbele ya kijiti, mbele kabisa, niliona kwa macho yangu mawili, na mkono wake mmoja ukagusa mchanga nyuma yake akijizuia asianguke. Bendera nyeupe. Watu wakapiga kelele.

Waamuzi wawili wakaja na mkanda. Mmoja akainama, na badala ya kuuweka mwisho wa mkanda kwenye miguu akaupeleka nyuma, kwenye alama ya mkono.

Sasa mnielewe. Miaka ile ya kupimiwa mashamba nilikuwa mjane mpya. Nilipogeuka kumnyamazisha mtoto, wenye mnyororo wa kupimia walinipunguzia hatua saba upande wa mtoni. Nyinyi mnajua tulivyofanya baada ya hapo, wanawake wa mteremko wetu wote: mtu akipima, unaweka mguu wako juu ya alama na huutoi mpaka namba isemwe. Mimi nilimwona mgeni asiye na mtu akipunjwa mchana. Nikapita kamba, nikaingia kwenye mchanga na viatu vyangu, nikamnyang'anya mwamuzi mkanda.

"Mguu umefika hapa," nikamwambia. "Mbona unapima mkono? Kwani aliruka na mkono?"

Nikakanyaga pale. Uwanja mzima ukacheka. Mwamuzi, mtu mzee wa sauti ndogo, akanieleza kwamba katika kuruka hupimwa kile kilichogusa nyuma kuliko vyote, iwe mkono, iwe makalio, iwe kofia. Akatazama chini. Alama ya mkono haikuwapo tena. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Ilikuwa mbele ya kijiti au nyuma yake? Wambui anasema mbele. Mama Ireri anasema nyuma kidogo. Hakuna atakayejua. Waamuzi wakashauriana wakasema mruko umeharibika, arudie sasa hivi. Alirudia na kile kisigino kikiwa tayari kimekwisha, akatua mbali na kijiti, akakaa hapohapo mchangani.

Baadaye nilimkuta chini ya mti akifungua viatu. Mimi sijazoea kuomba msamaha, wanangu wote watawaambia. Nikasimama tu.

"Kaa, cucu," akasema.

Nikakaa. Nikamwambia, "Nimekuharibia."

"Umeniharibia," akasema. "Sitakudanganya." Akaendelea na kamba za kiatu. "Lakini nimeruka katika nchi nane. Kila mahali mtu wa nchi kubwa akiona amepunjwa, watu wake wanasimama. Mwalimu, daktari, mtu wa karatasi. Mimi nikipunjwa nabeba begi. Leo ni mara ya kwanza mtu kuingia mchangani kwa ajili yangu."

Yeye hakuninunia. Aliyeninunia ni Wambui.

Jumapili tulirudi kwa treni ileile. Kutoka Sagana mpaka Karatina mjukuu wangu alinipa kisogo akitazama dirishani. Halafu akasema, "Cucu, ungeuliza kwanza." Nikamwambia ndiyo. Hilo ndilo nililojifunza Embu, na limenigharimu kujifunza: kabla sijakanyaga alama ya mtu, niulize kwao hupimwa vipi. La pili nililojifunza ni kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa nchi nzima, na nchi hiyo isiwe na mtu hata mmoja wa kumshikia mwisho wa mkanda.

Nyumbani Wamagana, Kariuki alikuwa anangoja langoni. Nilimweleza yote, hata ile ya viatu vyangu mchangani. Akauliza kama yule mtu ana watu au hana. Nikasema hana. Nikasema aje.

Mwezi ulikwisha, na kwao wakachagua mwingine, mkimbiaji. Siku ya ruracio Mokete alifika na askari wawili wa chuo, vijana wasiojua hata pa kukaa. Wazee wa Kariuki walikuwa wamejipanga ndani, wamekohoa, wamejiandaa. Mimi nilifunga kitambaa kichwani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kwenye migomba mpaka barabarani, nikasimama nje ya lango pamoja na wageni, tukabisha.