Vidonge kwenye Pindo la Kanga

Nilikuwa nafundisha Kiingereza cha wodini katika chuo kimoja cha uuguzi Nachingwea: jinsi ya kumkabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata. Jina, tatizo, dawa, hali yake. Wanafunzi walikariri sentensi zangu kama sala. Kila wiki nilijiuliza kwa nini mgonjwa wa kijijini Mnero akabidhiwe kwa Kiingereza, kisha nikaendelea kufundisha.

Siku ya mtihani wa vitendo nilishika karatasi ya maksi za lugha. Mwanafunzi wa tatu, binti kutoka kijiji cha Chunyu, alikuwa ameshafeli mara mbili. Akifeli tena, anarudi kwao.

Mgonjwa wake alikuwa bibi ambaye presha yake ilikataa kushuka.

"Shikamoo, bibi. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

Kila aliyemuuliza alijibiwa hivyo. Binti akamuuliza kwao wapi. Kumbe makabila yao ni watani.

"Ndiyo maana! Nyie kwa kuficha vitu hamjambo. Toa nione."

"Toka, mchawi we! Kwenu mnaiba hadi maiti."

"Toa, bibi, kabla sijala ubwabwa wa msiba wako."

Bibi akacheka hadi akakohoa, akafungua pindo la kanga. Vidonge vya siku tatu. Alikuwa amefunga Ramadhani na hakutaka kubishana na watoto waliovaa sare.

Msimamizi wa mtihani, mgeni kutoka mkoa mwingine, hakucheka. "Ripoti. Kwa Kiingereza."

Binti akaanza vizuri, hadi akafika kwenye sentensi yangu ya dawa: mgonjwa ametumia zote kama alivyoandikiwa. Akaishia katikati. Sikuwahi kuwafundisha sentensi nyingine yoyote hapo. Akanitazama. Ningemnong'oneza neno moja tu, mtihani wake ungefutwa.

Msimamizi akatazama saa.

"Hapana," binti akasema, kisha Kiingereza kikatoka vipande vipande: bibi amefunga, vidonge hajameza, siku tatu, daktari asiongeze dozi.

Msimamizi akaniinamia. "Hajafuata mpangilio. Na ule mzaha?"

"Mpangilio niliuandika mimi. Ndio mbovu."

"Jaza karatasi, mwalimu."

Nikampa binti maksi za kumvusha. Msimamizi akaisoma karatasi, akaandika pembeni kwamba ipitiwe upya na mimi niitwe nijieleze, akaenda kitanda kinachofuata.

Binti alikuwa bado amesimama, mikono nyuma.

"Nikafungashe, mwalimu?"

"Usifungashe," nikamjibu, nikiwa sina uhakika hata kidogo.