Kasha la Kuwekea Sinia

Kila asubuhi, kabla hajafuta meza hata moja, Lukumani aliingia jikoni, akabeba kasha la mbao na kuliweka katikati ya hoteli. Alilitikisa kidogo kuona kama limekaa sawa. Hapo ndipo alipomwomba Dada Mwamini, mpishi, chai ya kwanza ya kupeleka mezani.

Kasha hilo lilikuwa na habari yake.

Mwaka 1949 Nachingwea ilifurika watu wa mradi wa karanga. Lukumani alitoka kijijini kwao Mkotokuyana, akaajiriwa na Bwana Kasmiri kuhudumia wateja wa hoteli yake ya chai. Mshahara ulikuwa mdogo. Kilichomnunulia mama yake chumvi na kanga ni bakshishi, leo ndururu ya senti tano, kesho peni ya senti kumi. Lakini kwao kitu hupokelewa kwa mikono miwili, magoti yakikunjwa kidogo. Basi kila alipopewa, aliweka kwanza sinia sakafuni.

Siku moja mteja aliyekuwa akitoka alilikanyaga. Vikombe vinne vikavunjika.

"Nikiona tena sinia langu chini," Bwana Kasmiri alisema, "rudi kwenu ukalime ufuta. Huko utaitumia hiyo mikono miwili mpaka uchoke."

Kesho yake Bernardo, dereva wa trekta, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi, alimaliza chai yake na kumnyooshea peni. Lukumani alikuwa na sinia zima la vikombe vya moto. Akaitazama peni, akatazama sakafu, akamtazama Bwana Kasmiri pale kaunta. Hakuipokea.

"Imekuwa ndogo?" Bernardo akauliza.

"Hapana, baba."

"Au siku hizi mnataka shilingi?"

"Mwache, bwana mkubwa huyo!" akadakia mtu wa meza ya pili, na wenzake wakaangua kicheko.

Macho ya Lukumani yakalengwa na machozi. "Baba, nikipokea kwa mkono mmoja nimekutukana. Nikiweka sinia chini, kazi sina."

Kicheko kikakatika. Bernardo akainuka, akafuta viganja kwenye suruali yake yenye grisi, akalichukua lile sinia na kulikalisha juu ya mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akatoa peni.

"Haya. Pokea."

Lukumani akakunja magoti, akapokea kwa mikono miwili.

"Kasmiri!" Bernardo akaita. "Leo chai yako naigawa mimi. Utanilipa?"

Hata Bwana Kasmiri alicheka.

Siku iliyofuata Bernardo alileta kutoka kambi ya mradi kasha tupu la vipuri. "Weka sinia hapa," akasema. "Hapa si sakafuni." Bwana Kasmiri alilizunguka, akalipiga teke kulipima, akarudi kaunta. Lukumani akabaki na kazi yake.

Miaka miwili baadaye mradi ulikufa. Matrekta yakaondoka, na Bernardo akaondoka nayo. Hata kuaga hakuaga vizuri, lori lilikuwa likimpigia honi. Wateja wakawa wakulima wa siku ya soko, watu ambao kila senti yao ina kazi. Wiki ilipita bila hata ndururu. Asubuhi moja Mwamini akamwona Lukumani amelibeba tena lile kasha.

"Mdogo wangu, bakshishi zilikwenda na matrekta. Kasha la nini tena?"

Lukumani akalitikisa, likakaa sawa.

"Siku mtu akitoa, dada, nataka nimpokee kwa mikono miwili."