Nafasi Mbili za Boti ya Kuvulia

Jamani, kama mumeo anapenda kujigamba, usimwache apige simu mbele ya mama yake.

Eliudi wangu ana hamu twende Pangani, tukodi boti tukavue samaki wakubwa bahari kuu.

Leo tumetoka kanisani, tuko Akheri kwa mama mkwe tunakula, akampigia nahodha. Kaweka spika ili wote tumsikie.

Nahodha akasema, "Kaka, uvuvi unafungwa karibuni ili samaki wazaane. Zimebaki nafasi mbili, na majina ya kibali nayapeleka leo. Ila huko mawimbi hayana adabu. Umezoea boti?"

"Sana tu!" Eliudi akajibu.

Mama akaacha kutafuna.

"Boti ipi? Si ulitapika Ziwa Duluti, hata kabla hatujaanza kupiga kasia?"

Mimi najikaza nisicheke, machozi yananitoka.

"Huyo ni nani?" nahodha akauliza.

"Ni mama."

"Shikamoo mama! Na wewe ulitapika?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa nampepea yeye."

"Basi njoo wewe, mama!"

Tulidhani ni utani. Mama akafuta mikono, akaisogelea simu, akataja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, taratibu kama yuko mahakamani. Kisha akataja langu.

"Mama, na mimi je?" Eliudi akauliza.

"Wewe utabaki ukamue ng'ombe."

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini mama huyu, tangu azaliwe, hajawahi kuiona bahari.

Watu wa Tanga, anauliza: samaki wa huko wanakubali kupikwa na ndizi?