Picha ya Pompi ya Kabambare

Nimehamahama sana, lakini ofisi ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Kasongo iliyotengeneza pompi za maji za vijijini. Sisi madereva wa pikipiki tulileta habari na picha za pompi zilizoharibika, hata kutoka Kabambare na Salamabila. Mama mmoja, fundi wa kompyuta, alizihifadhi kwenye seva ya ofisi. Programu ya seva hiyo ilikuwa imezeeka, naye akataka kuweka toleo jipya. Habari zile zingepotea, vijiji vingeanza kungoja maji upya.

Hakuigusa seva kwanza. Alijaribu toleo jipya kwa nakala ya habari zile, kwenye kompyuta nyingine, kisha akatuita.

"Kila mutu atafute pompi yake."

"Mama, yangu iko, lakini picha haiko," alisema dereva wa Kabambare. "Nilianguka mu matope juu ya kutafuta ile picha!"

"Ulianguka juu hujui kuendesha," tukamcheka.

Mama hakucheka. Aligundua kwamba alikuwa amenakili maandishi tu, akasahau folda ya picha.

"Aksanti, papa. Weye umeniokoa," alimwambia dereva yule kwa heshima mbele yetu sote, akaanza upya. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na ni wachache ambao wangesema vile.

Mchana, seva yenyewe ilipokwisha kupata toleo jipya, dereva yule alifungua habari za pompi yake kwenye kompyuta. Chuma kilichopasuka kilionekana wazi kwenye picha. Fundi wa pompi akakitazama, akachagua kipuri, nasi tukakifunga kwenye pikipiki ya kwenda Kabambare.