Urefu wa Jino Langu la Kulia

Shule niliiacha darasa la pili nikafuata ng'ombe, na sioni aibu kuliandika. Ng'ombe ndio walionijengea nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Bariadi, wakasomesha na watoto saba. Mnadani nilijulikana kwa jambo moja: nilikuwa sigusi ng'ombe. Wenzangu wanabinya nundu, wanafungua mdomo, wanavuta mkia. Mimi nasimama pembeni na fimbo yangu, natazama mara moja, nataja kilo na umri. Wakimpandisha kwenye mizani, nikikosea basi nimekosea uzito wa kinyesi tu.

Jicho hilohilo ndilo lililoniponza kwenye meno.

Jino la kwanza kuoza lilikuwa gego la kushoto. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe mji wa mbali, likanishika hukohuko. Nikaenda kwa daktari wa meno, mtu mzima wa rika langu. Akaniambia si lazima kung'oa. Atatoboa juu, asafishe ndani ya mizizi mpaka uozo utoke, kisha aizibe. Ila kwanza lazima ajue kila mzizi una urefu gani, na mashine ya picha siku hiyo ilikuwa mbovu. Nirudi baada ya siku mbili.

Mimi lori lilikuwa linaningoja.

"Daktari, kazi hii umeifanya miaka mingapi?"

"Zaidi ya ishirini."

"Na bado unataka picha? Mimi nakadiria dume zima kwa jicho, na sina hata cheti."

Alicheka, akakataa. Sikumwacha. Nikamchokoza, nikamwita mwanafunzi mbele ya muuguzi wake, mpaka akanuna, akachukua visindano vyake, akafanya kwa kuhisi mkononi. Nikamsifu sana. Ganzi ilipoisha nilikiona cha mtema kuni. Shavu likavimba kama boga, wiki nzima hata uji ulikuwa haupiti. Mwisho nikaling'oa kwingine, nikarudi nyumbani na shimo.

Nyumbani nikasema yule daktari hajui kazi. Nilimsema hivyo miaka sita. Mke wangu kila akiliona lile pengo alinisaidia kumlaani, na kwenye kulaani yule mama ana kipaji. Kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha, sikumwambia mtu.

Mwaka huu gego la kulia likaamka. Liliamka Jumatatu, na Jumamosi yake wakwe kutoka Zagayu walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yangu wa mwisho. Kwetu baba wa binti hasemi sana siku hiyo, wanasema wazee wengine. Lakini kukagua ng'ombe zizini nilijipa mwenyewe tangu binti wa kwanza, na hakuna aliyebisha. Nisiposimama mimi, atasimama mdogo wangu. Mdogo wangu ni mtu mwema, ila ukimchekea mara mbili atapokea mbuzi amwite ndama.

"Ling'oe," mke wangu akasema. "Leo linatoka, keshokutwa umepona."

"Nitatafunia wapi? Kushoto pana shimo."

"Kunywa uji. Ng'ombe hawana meno ya juu mbele, na wananenepa."

"Kwa hiyo nianze kucheua?"

"Ukiweza, cheua. Ila Jumamosi uwe umesimama."

Jumatano tukaenda kliniki pale mjini. Daktari alikuwa binti, umri wa huyo wangu anayeolewa. Akaniita babu. Nikamwambia niite baba, babu bado, na Jumamosi nina mahari ya kupokea. Akanikalisha kwenye kile kiti kinacholala, akawasha taa. Mke wangu akaketi ukutani na mkoba wake magotini.

Binti hakuanza na jino bovu. Alianza na pengo.

"Hili la kushoto liliondokaje, baba?"

Nikampa hadithi yangu ya siku zote, daktari asiyejua kazi, uvimbe, wiki nzima bila hata uji.

Akalimulika tena lile pengo. "Aliyekutibu alipima urefu wa mizizi?"

"Unauliza ya nini?"

"Kama alipima vizuri na bado ukavimba hivyo, huenda mwili wako unaikataa dawa ya kuzibia. Kama ni hivyo, sitaki kujaribu siku tatu kabla ya shughuli yako. Nitakushauri tung'oe leo. Lakini kama ni kipimo kilichokosewa, hilo ninaliweza."

Hapo nikabanwa. Nikiushikilia uongo wangu, jino linakwenda. Nikisema kweli, mke wangu yuko ukutani na masikio yote mawili. Nikatazama ile taa.

"Hakupima," nikasema. "Mashine ilikuwa mbovu. Alitaka nirudi, mimi nikamlazimisha akadirie."

Binti hakucheka. Wa ukutani ndiye aliyesema. "Eeh! Miaka sita namlaani mtoto wa watu!"

"Mama, ngoja kwanza," daktari akamwambia.

"Nangoja. Sina pa kwenda."

Akanichoma sindano ya ganzi, akatoboa. Kisha akanitundikia waya kwenye mdomo wa chini, una kijichuma kilichopinda kama ndoana ya sato. Waya ule ulitoka kwenye kamashine kadogo kama redio ya mfukoni. Akachukua kisindano chembamba kuliko unywele wa mkia, kina kipande cha mpira kimevalishwa, akakiingiza ndani ya jino. Kamashine kakaanza kulia, ti, ti, ti, na kadiri kisindano kilivyoshuka ndivyo kalivyoharakisha. Kalipolia mfululizo akasimama. Akausogeza ule mpira mpaka juu ya jino, akachomoa, akakilaza kisindano kwenye rula ndogo ya chuma.

"Milimita ishirini na moja," akasema. Mzizi wa pili ishirini. Wa tatu kumi na tisa na nusu.

Nikadhani amemaliza. Hapana. Akavirudisha visindano, akapiga picha, akaitazama kwenye kompyuta, akasema wa tatu haumridhishi. Akaupima upya. Mimi kwenye ng'ombe sijawahi kurudia kutazama.

Nikamfanyia ishara anionyeshe picha. Jino langu lilikuwa na miguu kama kigoda. Akanieleza kwa kidole. "Nikiishia juu, uozo unabaki chini. Nikipitiliza, kisindano kinatoka kwenye ncha ya mzizi kinachoma nyama, na dawa ya kuziba inatokea hukohuko. Nahisi hicho ndicho kilichokuvimbisha. Kwa hiyo naishia kidogo tu kabla ya ncha."

Nilikuwa bado na ubishi. Nikaukadiria kwa jicho mzizi mmoja pale kwenye picha, nikamwonyesha kwa vidole kwamba ni milimita ishirini na tano.

"Baba, ungekuwa daktari wangu ningekukimbia," akasema. "Ng'ombe unamwona mzima, kwato mpaka pembe. Mimi hapa naona juu tu. Kilichobaki kimezama kwenye mfupa."

Nikashusha vidole; ulimi nao ulikuwa umekufa ganzi. Mke wangu alisema siku ile hataisahau.

Alisafisha, akaziba, akanipa vidonge. "Siahidi kwamba halitauma. Siku mbili tatu kuuma kidogo ni kawaida. Likizidi, rudi hata bila miadi. Na usitafunie mifupa huku mpaka tulivalishe kofia ya kulikinga."

Nyumbani nikakaa kuyasubiri maumivu. Nilikuwa nayajua, nikajipanga kwa mto na maji baridi. Jioni yakaja, lakini yalikuja kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Alhamisi nikameza vidonge nikazunguka shambani kutazama pamba. Ijumaa lilishtuka nilipoling'ata kwa makusudi, kulijaribu. Mke wangu akasema nina akili ya kambale. Jumamosi asubuhi niliyatafuta maumivu kwa ulimi, sikuyaona.

Wakwe wakafika na ng'ombe, vumbi na vigelegele. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mrefu mwenye koti. Ng'ombe wakapitishwa mmoja mmoja. Akaja mmoja mwekundu, ngozi inang'aa, kiuno kimekaa vizuri.

"Mtamba huyo," mjomba akasema. "Hajazaa."

"Anafaa!" mdogo wangu akaitikia kabla sijapumua.

Jicho langu nalo lilisema mtamba. Fimbo ilikuwa tayari hewani kumpitisha. Nikaishusha.

"Mshikeni."

Nikaenda mwenyewe, nikamwingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo, nikafungua. Meno manane ya ukubwa, yamejaa yote, ya katikati yamelika.

"Mzee," mjomba akasema kwa sauti ili wote wasikie, "tulisikia wewe hugusi ng'ombe. Au jicho limeota mtoto wa jicho?"

"Jicho liko palepale. Ila huyu msichana wenu ana wajukuu."

Watu wakacheka, mjomba naye akacheka, akafuta jasho. Wakaahidi kumbadilisha, na baada ya wiki mbili wakamleta mtamba wa kweli. Nilimfungua mdomo huyo pia.

Siku ile ya mahari mke wangu aliniletea maini ya kuchoma, akasimama mbele yangu mpaka nikatafunia kulia. Nikatafuna, nikameza. Akaridhika. Kisha akasema, "Ukipita tena kule mji wa mbali, huyo daktari mpelekee jogoo. Na useme ni wangu."

Nilipita mwezi uliofuata. Alikuwa bado yupo, kichwa kimekuwa cheupe. Nikamkabidhi jogoo, nikamwambia yote, na yale niliyomsema miaka sita. Alinisikiliza jogoo akiwa kwapani. Akaniambia nifungue mdomo, akamulika la kulia.

"Limefanywa vizuri. Nani alikupimia?"

"Binti mmoja wa Bariadi."

"Kwa jicho?" akauliza.