Barua za Miss Nuala

Sisi tuliokulia Karama, mtaa wa Dubai, kabla treni hazijaanza kupita juu ya barabara tunaujua utamu wa Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko. Tulicheza rede, tukikwepa mpira kwenye uwanja wa kuegesha magari, tukala paratha iliyoviringishwa chips za pilipili, vidole vikabaki vyekundu mpaka Magharibi. Mama akitoa kichwa dirishani, ghorofa ya tatu, akituita kwa Kiunguja chake, mtaa mzima ukamsikia. Hatukuwa na simu za kutazama. Tulikuwa na magoti yenye vidonda.

Skuli mambo yalikuwa mengine. Ukiacha kipindi cha Kiarabu, kilichoruhusiwa ni Kiingereza tu, na aliyekamatwa akizungumza lugha ya kwao aliandika mara hamsini kwamba hatorudia. Nilijifunza upesi, hata nikapitiliza. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwomba mama asizungumze Kiswahili anapokuja kunichukua getini. Hakunigombeza. Tangu siku ile akawa ananingoja ng'ambo ya barabara, ananipungia mkono bila ya kusema neno.

Halafu akaja Miss Nuala, mwalimu kutoka Ayalandi, uso una madoadoa kama yai la kanga. Mchana mmoja mimi na binamu yangu Salma tulikamatwa tukinong'onezana, tukapelekwa kwake kuandika adhabu. Tulimkuta anatia barua kwenye bahasha. Akatueleza kwamba kwao pia babu yake alichapwa skuli kwa kusema Kiayalandi, lugha ya mama yake. Kibao cha kijiji chao kiliandikwa jina kama Waingereza walivyolisikia, neno lisilo na maana yoyote, wakati jina lenyewe maana yake ni kivuko cha mawe. Yeye na wenzake walikuwa wakiiandikia halmashauri ya kwao kila wiki, wakidai kibao kiwe na lugha zote mbili, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Salma akamuuliza kibao kitamfaa nini na yeye yuko Dubai.

"Mama yangu bado anaishi pale," akasema. "Nataka akitoka nje aone anaishi wapi."

Nikamfikiria mama yangu, ng'ambo ya barabara.

Hatukuandika adhabu siku ile, tulibandika stempu. Wiki zilizofuata tukaandika barua yetu wenyewe kwa mwalimu mkuu, kwamba kibao cha kuwapokea wazazi, chenye Kiarabu na Kiingereza, kiongezwe neno Karibu. Miss Nuala alitusahihishia, akicheka kwamba tunakidai Kiswahili kwa Kiingereza. Wenzetu wa Kihindi na Kifilipino wakatia sahihi, kila mmoja na neno la kukaribisha la lugha yake.

Mwalimu mkuu aliisoma barua, akatukatalia. Lugha mbili zinatosha, khalas, basi, la sivyo ukuta wote ungejaa. Lakini ile adhabu ya kuandika aliifuta.

Siku hiyo nilivuka barabara, nikamwambia mama twende hadi getini.

"Si ulinikataza, mwanangu?"

"Nilikosea, mama. Niwie radhi."

Akanishika mkono, tukarudi, akaniuliza mbele ya wazazi wote kama nimemaliza chakula changu, kwa sauti ile ile ya dirishani. Nilihisi masikio yananiwaka moto, na sikumwachia mkono.

Miss Nuala alirudi kwao mwisho wa mwaka. Miaka miwili baadaye akatutumia picha: yeye na mama yake, mwembamba, mwenye mkongojo, wamesimama chini ya kibao kipya. Majina mawili, herufi sawasawa.

Leo nakaa Al Warqa, Dubai hii hii, nina nyumba yenye bustani na watoto watatu ambao hakuna anayewakataza chochote. Nawaita kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, macho hayabanduki kwenye simu. Nikiwahadithia rede wanauliza ilikuwa inapakuliwa wapi. Mama amesharudi Unguja. Akipiga simu wanampa shikamoo, naye anawaitikia marahaba, wanangu, na maneno yao yanaishia hapo. Nikiwa jikoni nasikia wamenyamaza, huku na kule, wote wananingojea mimi nije niwatafsirie.