Mama Bukuru Apanda Gurudumu

Kwa mwaka mzima Geneviève aliwaambia watu kwamba safari ya Uvira ni ya watoto. Alimwambia mumewe Marcellin, akawaambia wanakwaya wenzake wa Lubarika, akamwambia hata mchungaji alipoomba ruhusa ya kukosa ibada ya Jumapili moja. Watoto hawajaliona ziwa. Watoto hawajamtembelea shangazi yao. Watoto wamemaliza mwaka wa shule bila kuugua. Yote hayo yalikuwa kweli. Lililokuwa kweli zaidi hakumwambia mtu.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameteremka mjini juu ya lori la mpunga. Lori lilipopita karibu na ufuko aliona gurudumu la chuma lenye viti vya njano na vyekundu, likipanda juu kuliko paa la kanisa na kushuka tena taratibu. Ndani ya viti walikaa watu wazima. Mwanamke mmoja mnene, aliyejifunga kikwembe cha kitenge kama chake, alikuwa akicheka mdomo wazi. Lori halikusimama. Geneviève aligeuza shingo mpaka gurudumu likapotea nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo, akiinama kupalilia, aliliona likizunguka kati ya mashina ya mpunga.

Ana miaka thelathini na minne. Utotoni alijulikana kijijini kwa kupanda miti. Hapakuwa na mparachichi uliomshinda, na mama yake alimchapa kwa hilo kuliko kwa kosa lingine lolote. Alipoolewa aliacha, maana mke wa watu hapandi mti. Kisha wakazaliwa mapacha, na baada ya hapo hata kuketi kukawa kwa bahati.

Mapacha hao ni Noella na Pitchou, wa miaka mitano, lakini nyumbani majina hayo hutumika kwa nadra. Noella, aliyetangulia, ni Bukuru. Pitchou, aliyemfuata nusu saa baadaye akiwa mdogo kama kifaranga, ni Butoyi. Ndivyo mapacha wanavyoitwa pande hizo tangu zamani, na wazazi wao wakawa Mama Bukuru na Papa Bukuru. Tena mapacha wana sheria yao: kinachofanyiwa mmoja hufanyiwa mwenzake, siku ileile. Bukuru akipewa andazi, Butoyi naye apewe, hata kama amelala. Litawekwa mkononi mwake. Atakayerukwa atashikwa na homa, na homa hiyo haina dawa ya zahanati. Geneviève ni Mprotestanti wa kubatizwa mtoni na hasemi kwamba anaamini mambo hayo. Lakini siku Bukuru alipochomwa sindano ya malaria, alimsihi muuguzi amchome na Butoyi, walau maji matupu. Muuguzi alikataa, akambandika Butoyi plasta kwenye mkono usio na kidonda. Geneviève akaridhika.

Walifika mjini Ijumaa moja ya Agosti, wakalala mtaa wa Kilibula kwa Laure, dada mkubwa wa Marcellin, anayeuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, mlangoni pake. Jumamosi mchana wote watano walikwenda ufukoni. Geneviève alikuwa ameshapanga kila kitu. Kiti kimoja cha gurudumu hubeba watu wazima wawili, au mtu mzima mmoja na watoto wawili. Watoto hawapandi peke yao. Ni lazima mtu awashike. Nani atawashika kama si mama yao? Marcellin hapendi mahali pa juu. Laure ana umri wake. Basi mama atajitolea.

Alinunua tiketi tatu, yake na za mapacha, akasimama kwenye foleni kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu.

Gurudumu liliendeshwa na Frédéric, mtu wa makamo mwenye mikono ya fundi na shati lililonukia mafuta ya jenereta. Kando yake palikuwa na nguzo yenye mstari mwekundu. Watoto waliotaka kupanda walisimamishwa hapo kwanza. Noella alisimama; nywele zake zikagusa mstari. Pitchou alisimama. Frédéric aliweka kiganja juu ya kichwa chake, akapima nafasi iliyobaki kwa vidole. Vilikuwa viwili.

"Huyu anapanda," alisema. "Huyu bado. Iko chini ya mstari."

"Hawa ni mapacha," Laure alimwambia.

"Ninaona, mama. Lakini chuma hakijui mapacha."

"Weye unakijulisha. Njo hiyo kazi yako."

Watu kwenye foleni wakacheka. Marcellin alijongea. Kule Lubarika yeye ndiye mwangalizi wa mifereji ya mashamba ya mpunga. Ni mtu aliyezoea kupandisha maji kwa jiwe moja lililowekwa mahali pake. Alivua kandambili zake, akazipanga moja juu ya nyingine, akamsimamisha Pitchou juu ya viatu hivyo. Kichwa kikafika mstarini. Frédéric alikuwa ameligeukia jenereta lake, akalitazama kwa makini kuliko lilivyohitaji. Ilionekana wazi kwamba yuko tayari kutoona kandambili mbili.

Laure akakohoa. "Na Bukuru?"

Marcellin alielewa kosa lake papo hapo. Amemwinua mmoja, amemwacha mwingine chini. "Yaya, nipe viatu vyako," alimwambia, kwani kwao dada mkubwa huitwa yaya.

Laure akavua. Sasa watoto wawili walikuwa wanayumba juu ya mafungu mawili ya viatu, wamekumbatia nguzo moja, na kando yao mwanaume mzima na mama wa heshima wamesimama peku kwenye mchanga wa moto, wakibadilisha mguu wa kukanyagia. Foleni nzima ilikuwa inacheka. Mtu mmoja akauliza kama kuna mazishi hata wakasimama peku. Frédéric alipogeuka hakuwa na namna tena.

"Papa," alimwambia Marcellin kwa upole, "ungeniwekea kiatu kimoja tu, ningekuwa kipofu. Sasa umeniletea duka."

Noella alishuka kwenye viatu. "Minye sipandi kama Butoyi hapandi," alitangaza. Pitchou hata hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameona pikipiki za mbao zilizopangwa kwa duara, za watoto wadogo, zinazozungushwa kwa mkono na bila nguzo yoyote ya kupimia. Alimvuta dada yake. Dakika moja baadaye walikuwa wamekaa juu ya pikipiki mbili za kijani zilizofanana, wanaunguruma kwa midomo, na gurudumu wameshalisahau.

Hapo ndipo Geneviève alipobaki na tiketi mkononi na bila sababu.

"Basi imekwisha," alisema Laure huku akivaa viatu. "Watoto wako wamefurahi. Rudisha tiketi twende tukanywe kitu cha baridi."

"Ndiyo, twende," Marcellin aliafiki haraka mno.

Geneviève hakusogea. Viti vya njano vilishuka, watu wakatoka wakipepesuka na kucheka, wengine wakaingia. Alijua kwamba kesho ni ibada, na keshokutwa asubuhi ni lori la kurudi. Mwakani kutakuwa na jambo lingine. Kila mwaka huwa na jambo lake. Alijua pia kwamba hapa hakuna mtu anayemkataza. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekatazwa, angejua namna ya kuzunguka. Miaka yote alipata alichotaka kwa kuwaombea watoto: redio ili watoto wasikie hadithi, godoro jipya ili watoto wasiumwe mgongo. Kujiombea mwenyewe, mbele ya wifi yake na foleni ya watu wasiomjua, hakuwahi.

Laure, ambaye hakuwa mjinga, alimtazama usoni, akashusha sauti. "Wifi. Mzazi wa mapacha anaweza kucheza kwa niaba ya watoto wake. Si tuliwachezesha ninyi wawili ngoma siku ya kuwatoa mapacha nje, wao wamelala? Panda kwa jina lao. Hakuna atakayesema neno."

Ulikuwa mlango mzuri, tena umefunguliwa na mwenye nyumba. Geneviève aliukaribia, hata midomo yake ilikwisha kuanza kusema ndiyo.

"Hapana, yaya," alisema. "Watoto wamepata chao. Minye njo nataka, minye mwenyewe."

Laure aliacha kunong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nililiona nikiwa juu ya lori."

Marcellin akazikumbuka jioni zote ambapo mkewe alimweleza jinsi ziwa litakavyowafaa watoto.

Frédéric, aliyekuwa anasikia yote, alisema kwamba mama anakaribishwa, ila kiti hakiendi na mtu mmoja, kinainama. Watu wote wakamtazama Marcellin.

"Kazi yangu ni ya maji," alisema. "Maji hukaa chini."

"Unaogopa, Papa Bukuru?" mkewe aliuliza.

"Siogopi. Ninafikiri."

"Basi njoo ufikirie juu."

Alikwenda. Alikaa kwenye kiti kama mtu anayekaa kwa daktari wa meno, akashika chuma cha mbele kwa mikono yote miwili, akafumba macho kabla gurudumu halijatikisika. Geneviève alikaza kikwembe katikati ya magoti. Jenereta likaguna, ardhi ikawaachia, na tumbo lake likabaki chini kidogo kabla ya kumfuata. Alicheka. Haukuwa mcheko wake wa kanisani, wa kuziba mdomo kwa kiganja. Ulianzia mahali alipokuwa hajapagusa tangu siku za mparachichi, na Laure, aliyekuwa chini na watoto, aliusikia wazi juu ya kelele ya mashine.

Mzunguko wa tatu gurudumu lilisimama ili watu wa chini washuke, na kiti chao kikabaki kileleni, kikining'inia.

"Tumefika?" Marcellin aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Tumefika juu. Fungua macho, kuna maji yako."

Alifungua jicho moja. Kaskazini, pale Ruzizi inapoingia ziwani, maji ya udongo yalijitandaza kama ulimi ndani ya maji ya buluu, na mpaka kati yao ulikuwa mkali kama uliokatwa kwa wembe. Hakuwahi kuona maji yanafika wapi baada ya kutoka kwenye mifereji yake. Alifungua jicho la pili.

"Yanapotea mengi," alisema. "Tungeweza kushika nusu."

"Weye!" Geneviève alimpiga begani. "Nimekuleta mbinguni unahesabu matope. Mwanaume mwenye miguu kama mipini ya majembe."

Alisahau kwamba ndivyo mila ilivyowataka watukanane kwa mzaha kwenye ngoma ya mapacha, miaka mitano iliyopita, yeye akiwa bado mchovu wa kujifungua na hana nguvu ya kutukana vizuri. Marcellin hakusahau. Alimtazama mkewe, upepo umemvua kilemba nusu.

"Na weye," alisema taratibu, "mwanamke mwongo wa mwaka mzima."

Walicheka mpaka kiti kikayumba, na kilipoyumba Marcellin akashika tena chuma, lakini hakufumba.

Chini, Frédéric alipoinua kizuizi, Marcellin alitoka akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu. Geneviève alibaki ameketi.

"Mama, imekwisha," Frédéric alimwambia.

"Leta mtu wa pili," alijibu. "Nimebakiwa na tiketi moja, ya pili nitalipa."

Marcellin alikwisha kufika kwenye pikipiki za mbao, akasema kwa sauti kwamba kazi ya kulinda watoto ni nzito na yeye ataifanya. Geneviève akamtazama wifi yake.

"Minye?" Laure alishika kifua. "Mwenye miaka hamsini na mitatu? Nikifa nani atauza ndagala?"

"Hufi, yaya. Unapiga kelele tu."

Laure alitazama foleni, akatazama kiti, akamuuliza Frédéric kama kimefutwa vumbi. Kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, kwa mafundo mawili, akapanda.

Pitchou aliacha kuendesha. Alikodoa macho juu, ambapo miguu minne ilikuwa ikipita hewani na sauti ya shangazi yake ilikuwa inamwita Yesu kwa mfululizo.

"Papa, Mama anafanya nini?"

Marcellin aliinua macho. "Anacheza."

"Mbona hakutuambia?"

"Hata minye ameniambia leo," alisema baba yake, akaanza kuzisukuma pikipiki zote mbili kwa pamoja.